Gama Mwingine

Mwulize mtoto yeyote wa shule pale Kongowea au Frere Town ni Mreno gani aliyefika Mombasa mwaka 1498, atakutajia Vasco da Gama kabla hujamaliza swali. Mtaje Pio Gama Pinto mbele ya watu wazima, wengi watanyamaza. Wachache watakumbuka kuiona picha yake kwenye stempu ya posta ya mwaka 2008, au watasema ni yule Mhindi aliyeuawa zamani Nairobi. Gama huyu wa pili hakutujia na mizinga. Alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, akasomeshwa India, akapambana na Mreno kule Goa na Mwingereza hapa Kenya, akawekwa kizuizini kwenye Pwani yetu hii, akawa mbunge, kisha akapigwa risasi miezi 14 tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa.

Namwandika kwa ajili ya wasomaji wa Nyali na Kisauni kwa sababu jambo alilolipigania mpaka siku zake za mwisho ndilo linalowakosesha watu usingizi huku bara ya kaskazini: ardhi. Tena ni kwa sababu sisi na India tumefungamana zaidi ya biashara ya vitambaa na viungo. Jina la Frere Town lenyewe limetokana na Sir Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay kabla ya kufika Unguja mwaka 1873 kumbana Sultan Barghash afunge soko la watumwa. Miongoni mwa wakazi wa kwanza wa kijiji hicho cha wamishonari walikuwamo Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa wadogo, wakalelewa Nasik, karibu na Bombay, ndipo wakarudishwa upande huu wakiwa wanajua kusoma na wameshika ufundi. Kengele yao ndiyo iliyopaacha pale pakiitwa Kengeleni hadi leo.

Na Goa? Ukisimama upande wa Nyali unaotazamana na Mji wa Kale, Fort Jesus iko mbele yako ng'ambo ya maji. Aliyeichora, Mtaliano Cairati, alikuwa mhandisi wa Wareno aliyekaa Goa. Ujenzi ulianza mwaka 1593, na mpaka Waomani walipoiteka mwaka 1698, amri za Mombasa zilitoka Goa na manowari za kuwaokoa Wareno zilitoka huko huko. Hata mtoto wa mfalme wetu, Yusuf bin Hassan, alichukuliwa mdogo baada ya babake kuuawa, akapelekwa Goa, akabatizwa Jeronimo na kulelewa na mapadri. Alirudi kutawala chini ya Mreno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuikamata ngome. Mreno alidhani amemlea mtu wake.

Miaka 300 hivi baadaye mtoto mwingine alitolewa Afrika Mashariki kwenda kulelewa upande huo huo wa bahari, na Mreno hakupata mtu wake safari hiyo pia.

Babake Pinto alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mgoa aliyeifanya kazi yake kwa uaminifu na kutaka wanawe wasome. Ilikuwa kawaida ya Wagoa wengi wa Kenya wakati huo: makarani wa ofisi za serikali, watu wa kanisani Jumapili, na wa klabu yao jioni. Serikali iliwahesabu mbali na Wahindi wengine, na wengi wao walikubali kuhesabiwa hivyo. Pio alipelekwa India akiwa na umri wa miaka 8. Alisoma Arpora, Goa, kisha Dharwar, akapitia jeshi la anga la India kwa muda mfupi mwaka 1944, halafu akaajiriwa Bombay katika idara ya posta na simu. Bombay ya miaka hiyo ilikuwa imewaka. Gandhi na Nehru walikuwa wamewaambia Waingereza waondoke, wafanyakazi walikuwa wakigoma, na kijana huyu wa Nairobi akaingia katika mgomo wa idara yake.

Uhuru wa India ulipopatikana Agosti 1947, Goa haikuwamo. Salazar, mtawala wa Ureno, alishikilia kwamba Goa ni sehemu ya Ureno yenyewe, na asiyekubali alipelekwa gerezani mbali na kwao. Juni 1946 Ram Manohar Lohia alikuwa ameanzisha upinzani wa hadharani pale Margao, na mwaka huo huo wanaharakati wa Kigoa wakaunda Goa National Congress. Pinto alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuijenga. Polisi wa Mreno walipoanza kumtafuta, na kambi ya Tarrafal huko Cape Verde ikiwa mbele yake, ilimbidi aondoke. Akarudi Kenya mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 22.

Hapo ndipo namwona mtu huyu akitengana na wengi wa rika lake. Angeweza kabisa kufanya alivyofanya babake. Alikuwa na elimu, alikuwa na ngozi iliyomweka juu ya Mwafrika katika ngazi za mkoloni, na kazi ya ukarani ilikuwapo. Kwa muda aliifanya. Lakini alijifunza Kiswahili, akawa mtu wa ofisi za Indian Congress katika jengo la Desai Memorial Nairobi, akaandika katika gazeti la Daily Chronicle, na serikali ilipowakamata Makhan Singh na Fred Kubai Mei 1950 ili kuvunja muungano wa vyama vya wafanyakazi, yeye akawa mmoja wa waliojaribu kuushikilia usife. Wenzake wa siasa walikuwa Bildad Kaggia, Achieng Oneko, Joseph Murumbi, na mtu wa Pwani, Muinga Chokwe, aliyekuja kuwa Spika wa Seneti baada ya uhuru. Murumbi naye alikuwa na damu ya Goa kwa babake na ya Kimasai kwa mamake. Urafiki wa hawa wawili ulidumu hadi kaburini, na nitaueleza.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na Kenyatta na wenzake kufikishwa mahakamani Kapenguria, Pinto alihangaika kuwatafutia mawakili. Timu iliyokusanyika chini ya D.N. Pritt wa London ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule: Chaman Lall kutoka India, H.O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica, pamoja na vijana wa Nairobi kama A.R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Usiku alifanya kazi nyingine. Alisaidia kupeleka fedha na silaha kwa wapiganaji wa msituni, na kutafutia chakula jamaa za waliofungwa. Januari 1954 alimwoa Emma Dias. Juni mwaka huo huo, wiki chache baada ya operesheni ya Anvil iliyosomba maelfu ya watu Nairobi, alikamatwa. Bibi harusi alikuwa amekaa na mumewe miezi mitano.

Walimleta kwetu. Aliishia Takwa, kisiwani Manda, mkabala na Lamu. Anayeijua Takwa anaijua kwa magofu yake: mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, msikiti wenye nguzo ndefu juu ya kibla, mibuyu, na mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko, ambao chombo hakipiti maji yakitoka. Wazee husimulia kwamba visima viligeuka chumvi ndipo watu wakavuka kwenda kuishi Shela, na watu wa Shela bado hurudi pale kuomba mvua. Katika kisiwa hicho kisicho na maji matamu mkoloni aliweka kambi, akawatia humo watu aliowaona hatari zaidi kwa maneno kuliko kwa mapanga, Achieng Oneko akiwa mmoja wao. Babake Pinto alifariki mwanawe akiwa kizuizini, na serikali ile aliyoitumikia mzee huyo haikumruhusu Pio kwenda kumwona wala kumzika. Baadaye alihamishiwa Kabarnet, Baringo, akiwekewa mipaka ya kutotoka, na Emma akaungana naye huko. Mwaka 1959 aliachiliwa.

Pwani imesahau kwamba ilikuwa gereza la watu hawa. Watalii wanaokwenda Takwa kwa mashua huelezwa habari za nguzo na mihrabu, na ni vizuri waelezwe. Kambi nayo ni historia ya mahali pale.

Aliporudi Nairobi hakupumzika. Mwaka 1960 chama cha KANU kilizaliwa, naye akakifanyia kazi kama mtu asiyetaka cheo, na wote waliomjua wanalishuhudia hilo: hotuba zikasomwa na wengine, majina yakapigwa chapa ya wengine. Kwa msaada wa fedha kutoka kwa Nehru alianzisha Pan African Press, iliyotoa gazeti la Sauti ya Mwafrika pamoja na Pan Africa na Nyanza Times. Goa hakuisahau. Aliwakusanya Wagoa wa Afrika Mashariki waliounga mkono ukombozi, jambo lililomletea uadui mkubwa ndani ya jamii yake mwenyewe, maana wengi bado walikuwa na pasi za Ureno na mapenzi ya Ureno. Desemba 1961 jeshi la India liliingia Goa na ndani ya siku mbili utawala wa miaka 451 ukaisha. Pinto aligeukia sehemu iliyobaki ya dola ile ile: Msumbiji na Angola. Wapigania uhuru wa Msumbiji waliopitia Nairobi walimjua kama mtu wa kuombwa nauli, karatasi na mahali pa kulala.

Ubunge ulimjia kwa mlango huo huo wa utumishi. Kwanza aliingia katika Bunge la Kati la Afrika Mashariki, kisha mwaka 1964 wabunge wa Kenya wakamchagua kuwa mbunge maalumu. Hakuwa na jimbo la kulinda wala kabila la kuhesabu kura zake. Novemba 1964 Ronald Ngala wetu alikivunja chama chake cha upinzani, KADU, na kujiunga na serikali, na Bunge likabaki bila upinzani rasmi. Pengo hilo lilizibwa na wabunge wa KANU wenyewe waliokaa viti vya nyuma, na aliyewapangia hoja, takwimu na mikakati alikuwa Pinto. Mkubwa wao alikuwa Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga.

Hoja yao ilikuwa moja, hata ilipovaa nguo nyingi. Wapiganaji waliotoka msituni na watu waliofukuzwa mashambani walikuwa wanarudi mikono mitupu. Mpango wa serikali wa kununua mashamba ya walowezi, ule wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, uliwataka Wakenya wakope fedha kwa Mwingereza ili wamlipe mlowezi kwa ardhi ambayo baba zao walinyang'anywa bila malipo. Mwenye uwezo alinunua, na waliokuwa karibu na serikali walinunua mengi. Pinto na Kaggia walitaka ukomo wa mashamba makubwa, vyama vya ushirika, na ardhi kwa asiye nayo. Fitz de Souza, aliyekuwa Naibu Spika na rafiki yake, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Pinto na Kenyatta walirushiana maneno makali Bungeni juu ya ardhi, na kwamba yeye alihofia maisha ya rafiki yake tangu siku hiyo.

Hapa Pwani mpango ule haukutugusa sana, kwa kuwa ulilenga nyanda za juu. Ya kwetu ilikuwa mikononi mwa sheria ya hati ya mwaka 1908. Aliyeweza kusimama mbele ya afisa wa mkoloni na kuthibitisha umiliki alipewa hati, na ardhi isiyothibitishwa ikawa ya serikali. Mmijikenda aliyelima pahali pale kwa kuhamahama na mtu wa mtaani asiye na karatasi wakawa maskwota kwenye ardhi ya wazee wao. Nyali yenyewe ilikuwa shamba la mkonge kabla ya kuwa mtaa wa majumba na hoteli. Ukitoka Links Road ukaingia Ziwa la Ng'ombe, mwendo wa dakika chache, unakutana na matokeo. Mtu ana nyumba ambayo ameijenga mwenyewe, au ameirithi kwa babake, anakodisha vyumba vyake, lakini udongo ulio chini yake ni wa mwingine. Kila mwezi anatoa kodi ya kiwanja. Akitaka kuweka ghorofa haruhusiwi. Akitaka mkopo wa benki hana cha kuweka rehani. Mwenye udongo akiuza, tingatinga huja na mnunuzi. Mombasa tunaita nyumba bila ardhi, na tumeizoea hata tunadhani ni jambo la kawaida kwamba mtu anaweza kumiliki kuta na asimiliki ardhi zilipojengwa.

Sidai kwamba Pinto alileta muswada wa Kisauni Bungeni. Hakuishi vya kutosha. Nasema tu kwamba lile swali lake, kwa nini uhuru umbadilishe mwenye shamba na usimbadilishe asiye na shamba, lilituhusu sisi kuliko tulivyojua. Sisi wakati ule tulikuwa katika mengine. Tulikuwa na madai ya mwambao ujitenge, tulikuwa na siasa ya majimbo, na wengi walimwona kila mtu wa KANU kuwa mtu wa bara anayekuja kutumeza. Ninaielewa hofu hiyo, na sehemu yake ilikuwa na haki. Lakini ilitufanya tusimsikie mtu aliyekuwa akisema yale ambayo maskwota wetu walitaka yasemwe.

Mwanzoni mwa 1965 serikali ilikuwa inaandaa waraka wa ujamaa wa Kiafrika, uliokuja kujulikana kama Sessional Paper Nambari 10, kazi ya Tom Mboya na wataalamu wake. Kambi ya Odinga ilijiandaa kuupinga, na kalamu ya kambi hiyo ilikuwa ya Pinto. Alikuwa pia nyuma ya Taasisi ya Lumumba, chuo cha makada kilichofunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa Wasovieti. Marekani na Uingereza zilikuwa zikiangalia. Habari zikamfikia kwamba yuko mtu anayepanga kumuua. Waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba alikimbilia Mombasa kujificha, na kwamba Murumbi, akiamini kuwa jambo lingeweza kuzungumzwa na wakubwa likaisha, ndiye aliyemshawishi arudi Nairobi. Murumbi alibeba uzito huo maisha yake yote.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, nyumbani kwake Westlands, Pinto alikuwa anatoa gari. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa binti yake wa mwisho, Tereshka, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, aliyepewa jina kwa heshima ya Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu. Gari lilipofika langoni watu waliokuwa wakimsubiri walimfyatulia risasi. Mtoto hakujeruhiwa. Siku 3 kabla yake, Malcolm X, ambaye walikuwa wamekutana Nairobi, alikuwa ameuawa New York kwa njia hiyo hiyo. Pinto alikuwa na miaka 37. Kenya huru ilikuwa imepata kiongozi wake wa kwanza wa kisiasa kuuawa, na waliofuata, Mboya mwaka 1969 na J.M. Kariuki mwaka 1975, walitoka pande tofauti kabisa za siasa.

Vijana wawili walishtakiwa, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa. Kisilu alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu John Ainley mwenyewe alisema mahakamani kwamba kesi ile ilionekana haijakamilika na huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Kisilu alishikilia siku zote kwamba hakumuua Pinto, kwamba alitumwa kwenda kumtisha tu. Aliachiliwa mwaka 2001 kwa msamaha wa rais, baada ya miaka 35 hivi gerezani. Hakuna mwingine aliyewahi kuhukumiwa.

Emma alihamia Canada mwaka 1967 na mabinti zake watatu. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, akajiuzulu, akaiacha siasa kabisa na kushughulika na vitabu na sanaa. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, Nairobi, kwa matakwa yake mwenyewe, ili awe karibu na Pinto.

Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake. Ndani yake kuna kifungu cha Pinto, na Tume ilikata shauri kwamba aliuawa kwa sababu ya itikadi zake za kisiasa. Ripoti hiyo hiyo ina kurasa nyingi juu ya dhuluma za ardhi, na Pwani imepewa nafasi kubwa humo: sheria ya 1908, maskwota, na viwanja vya ufuoni vilivyogawiwa wakubwa. Mpaka leo Bunge halijaipitisha ili mapendekezo yake yatekelezwe. Wabunge wa kaunti yetu, na wa Nyali na Kisauni kwanza, wanaweza kusimama na mambo hayo mawili mkononi kwa pamoja, mauaji ya Pinto na hati za watu wao, kwa sababu yamo katika ripoti moja.